Jaji wa wilaya, lakini si wilaya ile unayoijua

Mabomu yaliyolipuka Nairobi na Dar es Salaam Agosti 7, 1998 yaliua watu 224. Mwanzoni mwa 2001, washtakiwa wanne, mmoja wao Mzanzibari, walipandishwa kizimbani Manhattan, New York. Aliyeongoza kesi alikuwa Leonard Sand, peke yake, na cheo chake ukikitafsiri neno kwa neno ni "jaji wa wilaya". Kwa Mtanzania hapo lazima kichwa kiwashe. Mahakama ya Wilaya si pale anapokaa hakimu, penye kesi za wizi wa pikipiki? Kesi nzito kama ile imefikaje wilayani?

Tafsiri ndiyo inayotuponza. "Wilaya" ya mahakama za shirikisho la Marekani haihusiani na wilaya ya mkuu wa wilaya. Nchi nzima imekatwa vipande 94, kimoja, Alaska, kikubwa kuliko Kenya na vingine sehemu tu ya jimbo, na kila kipande kina mahakama inayosikiliza kesi kwa mara ya kwanza kwa niaba ya serikali kuu. Jaji wake, kwa uzito, tumlinganishe na jaji wa Mahakama Kuu kwetu. Juu yake zipo mahakama za rufaa 13, kisha Mahakama ya Juu yenye majaji 9. Pembeni kabisa, kila jimbo lina mahakama zake, na huko ndiko kwenye talaka, mirathi na mauaji ya kawaida. Jaji wa shirikisho hupokea kesi zinazogusa Katiba ya nchi, sheria za Bunge la Washington, au watu wa majimbo tofauti wanaodaiana fedha nyingi.

Wakati Sand akisikiliza mashahidi kutoka Nairobi, katika mahakama hiyohiyo ya Manhattan alikuwapo mwenzake, mama wa miaka 79, aliyekuwa jaji hapo tangu 1966. Anaitwa Constance Baker Motley. Ukitaka kuielewa kazi hii, maisha yake yanaifafanua kuliko kitabu cha uraia, kwa sababu kabla ya kukaa kwenye kiti alisimama mbele ya kiti hicho kwa takriban miaka 20 akiwa wakili, na alikutana na majaji wa kila sampuli.

Alizaliwa Septemba 14, 1921 New Haven, jimbo la Connecticut, mtoto wa 9 kati ya 12. Wazazi wake walihamia huko kutoka Nevis, kisiwa kidogo cha Karibi, na baba yake alikuwa mpishi wa vyama vya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale. Yaani nyumbani walikula mshahara wa Yale, lakini mwenyewe hakuwa na ada ya kwenda chuo chochote. Baada ya sekondari alifanya vibarua. Siku moja, kwenye mkutano katika kituo cha jamii cha watu weusi, alisimama akasema wazi kwamba weusi hawakitumii kituo kile kwa sababu hawana sauti katika uendeshaji wake. Miongoni mwa waliomsikia alikuwa Clarence Blakeslee, mfanyabiashara Mzungu aliyechangia ujenzi wa kituo hicho. Badala ya kununa, Blakeslee akajitolea kumlipia masomo. Akasoma Fisk, akahamia Chuo Kikuu cha New York, akamaliza sheria Columbia mwaka 1946.

Kabla hajamaliza alikuwa ameshaajiriwa na Thurgood Marshall katika mfuko wa utetezi wa kisheria wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi. Wakenya wana sababu ya kulijua jina la Marshall: mwaka 1960, kwa mwaliko wa Tom Mboya, alikwenda London kwenye mkutano wa Lancaster House akiwa mshauri wa ujumbe wa Waafrika, akaandaa rasimu ya haki za msingi za Kenya huru. Miaka hiyo Motley alikuwa mbioni Georgia na Mississippi. Kabla ya hapo aliandika hati ya awali ya madai katika kesi ya Brown, ile iliyovunja ubaguzi wa shule mwaka 1954. Mahakama ya Juu alikwenda mara 10, akashinda 9.

Ushindi wa Mahakama ya Juu ndio unaoandikwa magazetini. Lakini wakili wa haki za raia aliyekuwa majimbo ya Kusini miaka ile alijua kwamba kesi hufa au hupona chini, kwa jaji wa wilaya, na silaha za huyu wa chini ni mbili.

Ya kwanza ni kalenda. Tunaijua sote: kesi kupigwa kalenda. Mei 1961 James Meredith, kijana mweusi aliyetumikia jeshi la anga, alikishtaki Chuo Kikuu cha Mississippi kwa kumnyima nafasi. Motley ndiye wakili wake. Jaji alikuwa Sidney Mize. Leo wakili wa jimbo anahitaji muda, kesho shauri linasogezwa, wiki zinakuwa miezi. Hakuna anayeandika "nimekataa". Kijana anazeeka tu. Ukikata rufaa, utaambiwa kupanga tarehe ni hiari ya jaji.

Silaha ya pili ni matokeo ya uchunguzi wa ukweli, na hapa ndipo penye kiini cha kazi yote. Mahakama ya rufaa haioni mashahidi. Inapokea makaratasi. Aliyemwona shahidi akitokwa jasho, akisita, akimtazama wakili wake kabla ya kujibu, ni jaji wa kesi. Kwa hiyo sheria humpa heshima kubwa: akishaandika kwamba jambo fulani lilitokea, walio juu hawaligusi mpaka iwe dhahiri kakosea. Februari 1962 Mize aliandika kwamba chuo kile hakibagui kwa rangi. Mississippi, 1962, chuo ambacho hakikuwa kimepokea kwa kujua mwanafunzi hata mmoja mweusi! Safari hii walio juu walifumbua macho. Mahakama ya rufaa ilitengua hukumu mwezi Juni ikisema Meredith alikataliwa kwa sababu moja tu, rangi yake. Akaandikishwa Oktoba 1, 1962, baada ya usiku wa ghasia zilizoua watu wawili chuoni.

Usidhani wote walikuwa akina Mize. Januari 1961, Georgia, mteule wa Rais Eisenhower aitwaye William Bootle aliamuru vijana weusi Charlayne Hunter na Hamilton Holmes waingie chuo kikuu cha jimbo mara moja, na watu wa mji wake mwenyewe wakamchukia kwa hilo. Jaji mmoja ana mamlaka yaleyale, Katiba ileile, wakili yuleyule mbele yake, na matokeo ni mbingu na ardhi. Mei 1963 Motley alipata somo jingine. Birmingham, jimbo la Alabama, ilifukuza shule watoto zaidi ya 1,000 kwa kuandamana, na jaji wa wilaya, Clarence Allgood, akakataa kuwarudisha. Siku hiyohiyo Motley na wenzake wakampata Elbert Tuttle wa mahakama ya rufaa, Atlanta, naye akaamuru watoto warudi darasani. Ndiyo faida ya kuwa na mtu juu ya mtu.

Kuupata ujaji huo kuna njia moja tu: Rais akuteue, Seneti ikuthibitishe. Hakuna mtihani wala ngazi ya kupanda kutoka uhakimu, tofauti na nchi nyingi za Ulaya. Katiba ya Marekani haisemi hata kwamba jaji lazima awe mwanasheria, ingawa hakuna anayethubutu kuijaribu hiyo. Wanaoteuliwa huwa mawakili wakubwa, waendesha mashtaka, majaji wa majimbo, na mara nyingi watu wanaojulikana na wanasiasa. Motley mwenyewe alikuwa ameonja siasa: mwaka 1964 alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza katika Seneti ya jimbo la New York, na 1965 akawa rais wa mtaa mzima wa Manhattan. Maseneta wa jimbo husika huulizwa mapema, na mmoja wa maseneta wawili wa New York wakati huo alikuwa Robert Kennedy, aliyemuunga mkono.

Rais Lyndon Johnson alipeleka jina lake Januari 1966. Mwenyekiti wa Kamati ya Sheria ya Seneti alikuwa nani? James Eastland, mwenye mashamba ya pamba, seneta wa Mississippi. Jimbo la Meredith. Eastland akalikalia jina, akaibua tuhuma za ukomunisti, miezi 7 ikakatika. Motley alithibitishwa Agosti 30, 1966, mwanamke mweusi wa kwanza katika historia ya nchi ile kuwa jaji wa shirikisho, na mwanamke wa kwanza katika mahakama yake ya Manhattan. Waliomkaribisha hawakuwa wengi kama picha za sherehe zinavyoonyesha. Chumba kile kilikuwa cha wanaume kwa miaka 177.

Ukishakula kiapo, hakuna wa kukugusa. Kenya jaji anastaafu akifikisha miaka 70. Hawa wa shirikisho hukaa maisha yao yote "kwa mwenendo mwema", na Katiba inakataza kuwapunguzia mshahara. Anayeweza kuwaondoa ni Bunge, kwa kuwashtaki na kuwahukumu kwenye Seneti, na tangu nchi ianze ni majaji 8 tu walioondolewa hivyo. Kinga hiyo ndiyo iliyomlinda Bootle dhidi ya majirani zake. Kwa bahati mbaya ndiyo iliyomlinda Mize pia.

Kazi yenyewe ya kila siku haifanani na sinema. Kesi nyingi za madai huisha kwa maelewano, kesi nyingi za jinai huisha kwa mshtakiwa kukiri kosa, na jaji hutumia saa nyingi kusoma maombi ya mawakili kuliko kusikiliza mashahidi. Ofisini kwake ana wanasheria vijana wachache, wengi wao waliotoka chuo juzi, wanaomfanyia utafiti na kumwandalia rasimu. Kesi ikifika hatua ya kusikilizwa, mara nyingi kunakuwa na juri: raia wa kawaida waliookotwa kwa kura kutoka orodha za wapigakura, 12 kwa kesi za jinai. Usiwafananishe na wazee wa baraza waliozoeleka Tanzania, ambao hutoa maoni na jaji akiona vema anayapuuza. Juri ndiyo inayoamua kama mtu ana hatia. Jaji hulinda mlango: ushahidi upi uingie, upi ubaki nje, sheria ni ipi. Katika ile kesi ya mabomu, juri iliwatia hatiani wote wanne Mei 2001. Lakini kwa wawili waliokabiliwa na adhabu ya kifo, wajumbe hawakuafikiana, na kutoafikiana kukimaanisha kifungo cha maisha. Sand hakuwa na la kuongeza hapo. Oktoba akasoma adhabu: maisha jela.

Sasa swali ambalo lilimfuata Motley mpaka mwisho: mtu aliyepigania upande mmoja miaka yote hiyo anaweza kuwa mwamuzi?

Manhattan kesi mpya haichaguliwi jaji. Zamani kulikuwa na pipa la mbao linalozungushwa kwa mkono, linachomolewa kadi yenye jina la jaji, na mpaka leo mgawanyo wenyewe mawakili wanauita "gurudumu". Katikati ya miaka ya 1970 gurudumu lilimpa Motley kesi ya wanawake wanasheria dhidi ya Sullivan & Cromwell, moja ya kampuni za mawakili zenye jina kubwa Wall Street, wakidai inabagua wanawake katika ajira. Kampuni ikaomba ajitoe. Hoja: yeye ni mwanamke, ni mweusi, amepata kutetea waliobaguliwa, kwa hiyo atakuwa na huruma nao.

Jibu lake la 1975 ni fupi, na kwangu ndilo andiko lake bora kuliko yote. Alisema kama historia, jinsia au rangi ya jaji inatosha kumwondoa, basi hakuna jaji hata mmoja wa mahakama ile angeweza kuisikiliza kesi, maana wote walikuwa mawakili, wote wana jinsia, na wengi wao walitoka katika kampuni za mawakili zenye jina au utumishi wa umma. Tazama alivyoigeuza. Mwenye kuomba alidhani mwanamume Mzungu aliyetoka kampuni kama ile hana upande. Kwamba yeye ni maji, hana rangi. Motley akauliza, bila kupandisha sauti, hayo maji yamechotwa kisima gani. Hakujitoa. Kesi iliisha kwa makubaliano miaka miwili baadaye, na mawakili Marekani wananukuu uamuzi ule mpaka leo kila mtu anapotaka kumkataa jaji kwa dini yake, kabila lake au jinsia yake.

Hiyo haina maana kwamba hakuwa na mtazamo. Alikuwa nao, na wakati mwingine ulimgharimu. Martin Sostre, mfungwa aliyekuwa na duka la vitabu Buffalo kabla ya kufungwa, aliwekwa peke yake seli ya adhabu kwa siku 372. Mei 1970 Motley aliamua kwamba kumtenga mtu namna ile ni adhabu ya kikatili inayokatazwa na Katiba, akampa dola 35 kwa kila siku, jumla dola 13,020. Hesabu ya namna hiyo, siku kwa siku, ndiyo lugha ya jaji wa kesi. Hasemi "haki itendeke", anapiga bei ya kila usiku. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa, majaji wakiwa wamekaa wote, ilikubali sehemu na kukataa sehemu: kutengwa peke yake si ukatili wa kikatiba, walisema, na dola 10 za kila siku zilizokuwa za kumwadhibu mkuu wa gereza zikafutwa. Zikabaki 9,300. Jaji wa wilaya huamka akijua kuna watu watatu au zaidi ghorofa ya juu wenye kalamu nyekundu.

Kesi ya Yankees, klabu ya besiboli ya New York, haikukatwa na kalamu yoyote. Mwaka 1977, katika fainali za besiboli, mwandishi wa michezo Melissa Ludtke alizuiwa kuingia vyumba vya kubadilishia nguo vya wachezaji, mahali ambapo waandishi wanaume walikuwa wanapata mahojiano moto baada ya mechi. Sababu iliyotolewa ni staha. Hapa kuna fundo ambalo wengi hawalioni: Katiba ya Marekani huifunga serikali, haimfungi mtu binafsi. Klabu binafsi ikikubagua, Katiba haina habari nayo. Motley akauliza uwanja ni wa nani. Ni wa Jiji la New York, klabu imepanga. Basi serikali iko ndani ya nyumba, na usawa unaotakiwa na Katiba unaingia nao. Kuhusu staha, akasema kuna mapazia na kuna mataulo. Septemba 1978 mlango ukafunguliwa. Kila mwanamke anayeshika kinasa sauti kwenye chumba cha timu Marekani anapita kwenye mlango ule.

Mwaka 1982 akawa jaji mkuu wa mahakama yake. Cheo hicho nacho kinapotosha. Hakuna aliyempigia kura wala kumteua. Sheria humpa mwenye miaka mingi kazini kati ya walio chini ya umri wa miaka 65. Mkuu hawezi kumwambia mwenzake aamue vipi. Anashughulika na bajeti, vyumba, ulinzi, na wenzake wanaogombania vyumba. Mwaka 1986 akaingia katika hali inayoitwa jaji mwandamizi: umefika umri, una miaka ya kutosha, unaweza kwenda nyumbani ukaendelea kulipwa mshahara uleule. Ukibaki, unabaki na mzigo mdogo zaidi, na kwa hesabu ya mfukoni unafanya kazi bure. Wengi sana hubaki. Bila wazee hawa mahakama za shirikisho zingezama kwa mafaili.

Motley alibaki miaka 19. Akiwa mwandamizi ndipo ilipomfikia kesi ambayo kila aliyesoma Mlimani au Makerere ataielewa bila wakili. Wachapishaji wa vitabu walilishtaki duka la Kinko's kwa kutoa kopi za sura za vitabu, kuziunganisha kuwa kitini, na kuwauzia wanafunzi kwa maelekezo ya profesa. Ndiyo, stesheneri ile ile ya getini. Kinko's walijitetea kwamba ni matumizi halali kwa ajili ya elimu. Mwaka 1991 Motley akasema elimu ni ya mwanafunzi, lakini anayeuza kopi anafanya biashara, na akawatoza dola 510,000 pamoja na gharama za mawakili. Vyuo vya Marekani vikaanza kuomba vibali na kuvilipia. Mwanamke ambaye asingesoma bila mfuko wa tajiri Blakeslee ndiye aliyepandisha bei ya vitini. Sijui kama alilitazama hivyo, ila mimi siwezi kuacha kulitazama.

Ketanji Brown Jackson, aliyekuwa jaji wa wilaya Washington kwa miaka 8 kabla ya kupanda, alipoteuliwa Mahakama ya Juu mwaka 2022 alimtaja Motley kwa jina na kukumbusha kwamba wanachangia siku ya kuzaliwa, Septemba 14, wakipishana miaka 49.

Motley alifariki Septemba 28, 2005, wiki mbili baada ya kutimiza miaka 84, akiwa bado jaji. Jaji akifa hivyo, mafaili yaliyobaki mezani hayarithiwi na mtu anayemtaka. Yanarudishwa kwenye gurudumu.